Nilivyomtua Mtu wa Reli

Mwanzo niseme wazi: sikuhongwa. Maneno hayo yalisemwa mtaani kwetu Bondeni miezi na miezi, kwamba mwana wa hamali kala mlungula kamwachia mtu wa reli ushindi, na wengi wa waliosema wamekwisha kufa. Mungu awarehemu, sina ugomvi na maiti. Walio hai wakitaka kujua ilivyokuwa, wakae niwaambie. Wasiotaka, njia nyeupe.

Miaka ya arubaini ilikuwa inakwisha, vita vikuu vimeshamalizika. Mimi nilikuwa hamali wa Shimanzi. Nabeba magunia kutoka kwenye mabehewa naingiza godauni, kesho yake nayatoa godauni napakia malori. Sukari, mchele, kahawa, chumvi. Baba yangu naye alikuwa hamali hapo hapo, na kabla hajafika hamsini mgongo ulimpinda ukabaki hivyo. Akitembea alikuwa anatazama vidole vyake vya miguu. Ukifika mwisho wa Shaabani, watu wakitoka kuutafuta mwezi, ilikuwa lazima nimlaze chali barazani ndipo aone mbingu. Kila nikimlaza nilikuwa najiona mimi. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, na asubuhi nyengine tayari nilikuwa siwezi kuinama kutawadha bila kushika ukuta.

Basi haja yangu ilikuwa moja tu: nitoke chini ya gunia kabla halijanipinda. Lakini hamali atoke aende wapi? Sikusoma ila chuoni, nikahitimu Qur'ani, nikajua kuandika jina langu kwa herufi za Kiarabu. Ukarani haunitaki. Udereva unataka mtu wa kukushika mkono. Nilichokuwa nakitamani ni uaskari wa bandari: sare, viatu, kusimama langoni na mgongo umenyooka. Huko nako walitaka cheti cha shule, nami sina.

Mlango wa kuingilia huko ulikuja kufunguliwa na wazimu wa Mzungu mmoja. Mkubwa wa askari wa bandari alikuwa anaupenda mchezo wa judo, mieleka ya Kijapani, aliojifunza jeshini, na alitaka askari wake waujue. Akawaambia manyapara watangaze: baada ya miezi minane atawashindanisha vibarua wa bandari na wa reli, wote watakaojitokeza, na atakayeshinda atamvisha sare bila kumuuliza cheti. Mtu mmoja tu, na mara moja tu. Aliyetimiza miaka ishirini na saba asijisumbue.

Wenzangu walicheka. Nani Shimanzi anajua mieleka ya Kijapani? Mimi sikucheka, kwa sababu nilikuwa namjua mtu.

Mtu mwenyewe alikuwa Mbohora, Mhindi mwenye duka la vitambaa Mji wa Kale. Mzee mwembamba, ndevu nyeupe, miwani, kofia yao ile nyeupe yenye nakshi za dhahabu. Nilikuwa nampelekea marobota ya marekani, kile kitambaa kizito cha pamba, kwa mkokoteni. Siku moja nilifika mlangoni na robota mgongoni nikakuta baharia mlevi, Mzungu, mrefu mlango haumtoshi, kamshika mzee ukosi wa shati, ati kauziwa kitambaa kibovu. Mzee hakupiga kelele, wala hakumsukuma. Alirudi nyuma hatua moja na nusu, kama anampisha mgeni apite. Baharia akamfuata. Kilichofuata sikukiona, nasema kweli. Niliona nyayo za viatu zinapita juu, kisha baharia kalala chali kichochoroni, mdomo wazi. Mzee akavua miwani akaipangusa, akanionyesha kwa kidole pa kuweka robota.

Baadaye nikaja kujua kwamba ujana wake wote ulikwenda Kobe, mji wa bandari huko Japani, akiwanunulia jamaa zake vitambaa, na kila jioni akienda kujifunza mchezo huo. Vita vilipokaribia akarudi. Miaka yote ya vita hakuthubutu kulitamka neno Japani mbele ya mtu.

Nilimwendea siku ile ile ya tangazo.

“Assalamu alaikum, bwana.”

“Waalaikumu salaam. Leo sina mzigo.”

“Sikuja kwa mzigo. Nataka unifundishe ulichomfanyia yule baharia.”

“Baharia gani?”

“Bwana, mimi nilikuwa mlangoni.”

Akanitazama. Nikamweleza habari ya uaskari, nikamweleza habari ya baba. Alikuwa anamjua baba, tangu zama za baba kumpelekea yeye marobota. Akachukua kitambaa ambacho kilikuwa kimeshakunjwa, akakikunja tena.

“Miezi minane haitoshi,” akasema. “Kujifunza kuanguka peke yake ni miezi miwili.”

“Basi tuanze kuanguka leo.”

Tukawa tunafanya Ijumaa baada ya sala na Jumapili asubuhi, juu ya duka, chumba cha stoo. Tulitandika magodoro ya usufi, juu yake mikeka, tabaka nne. Mkewe alinishonea koti la marekani, nguo mbili mbili, ukosi umepigwa cherehani mpaka ukawa mgumu kama mkanda. Mama yule sikumwona uso hata siku moja. Nilikuwa namsikia tu kutoka chini, nyuma ya pazia la ngazi: “Mwambie huyo kijana wako dari linaingia chunguni.” Mzee anajibu, “Funika chungu.” Siku nyengine anasema, “Leo kaanguka mara ngapi? Nimehesabu sitini nikachoka.” Nilikuwa natahayari, lakini wallahi nyumba ile nilikuwa naipenda. Ndiko pekee duniani nilikokuwa naanguka bila kutukanwa.

Miezi miwili ya kuanguka ikapita. Ndipo akanichagulia mtupo, mmoja tu. Alisema mtu mwenye miezi minane hana haki ya mitupo miwili.

Mtupo wenyewe ni wa mgongo. Unamshika mwenzio ukosi kwa mkono mmoja na nguo ya mkono wake kwa mwengine, unageuka ukampa mgongo, unajitia chini ya kwapa lake, unamchukua mgongoni na kumtupa mbele yako. Alipokwisha kunionyesha nilicheka kwa dharau. Kuchukua mzigo mgongoni? Mimi? Nini kazi yangu kutwa nzima?

“Haya, nichukue,” akasema, akanisogelea akanigandia kifua kwa kifua.

Nikajaribu kugeuka, sikuweza. Nikamvuta, akazidi kunigandia. Nikatumia nguvu, na nguvu nilikuwa nazo, magunia mawili nilikuwa nachukua kwa mpigo, na yule mzee wa miaka sitini na kitu ananikumbatia tu kama mtu aliyefiwa. Mwisho nikasimama jasho linanitoka.

“Gunia halikukumbatii,” akasema. “Gunia linakungoja. Mtu hakungoji. Kati ya kifua chake na chako lazima pawe na pahala pa wewe kuingia. Hapapo. Basi upafanye.”

Hiyo ndiyo iliyokuwa elimu yenyewe, na hiyo ndiyo iliyonitesa. Kutupa ni kazi ya mwisho. Kazi ya kwanza ni kutengeneza uwazi, na uwazi hautengenezwi kwa kuvuta. Ukimvuta anakuja na kifua chake. Unamkalisha kiwiko kifuani, mkono umesimama kama boriti, unamsukuma kidogo, ili naye akereke akusukume. Akisukuma, unaondoka nusu hatua kwa upembeni. Yeye anaendelea kuja, kifua chake hakina cha kuegemea, na hapo ndipo panapofunguka. Wakati huo huo mkono wa kushoto unampandisha juu mkono wake. “Kama unatazama saa,” alikuwa ananiambia kila mara, na mimi saa sijapata kuivaa maishani.

Ilinichukua miezi minne. Mwili wa hamali unapenda mzigo uwe karibu, kwa sababu mzigo ulio mbali na mwili ndio unaovunja mgongo. Kwa hiyo kila mzee aliponikaribia, mikono yangu ilikuwa inamvuta yenyewe. Alikuwa na kijiti chake cha kupimia vitambaa, akawa ananipiga nacho vidole. “Msukume. Msukume kwanza, ewe mtu.” Nilikuwa narudi nyumbani vidole vimevimba, kesho yake nabeba navyo chumvi. Mara mbili nilimwambia sirudi tena, nikaacha koti sakafuni. Ijumaa nikarudi. Hakunikumbusha.

Mwezi wa sita uwazi ukaanza kuja. Siku ya kwanza ulipokuja niliingia chini yake hata sikujua nimeingiaje, mzee yuko mgongoni kwangu, mwepesi. Nilisikia raha ambayo sijui niifananishe na nini. Nikainama nikamlaza juu ya mkeka.

“Mbona unaniweka?” akauliza kutoka chini.

“Bwana, wewe mtu mzima.”

“Miaka thelathini naanguka. Nitupe.”

Nikamwinua tena, nikamweka tena. Mara ya tatu vile vile. Nilikuwa nafanya kila kitu sawa mpaka mwisho, na mwishoni magoti yanakunjika yenyewe na mikono inampokea.

Hapa lazima nieleze. Nilipokuwa na miaka kumi na mitano baba alinipeleka godauni, na kwa wiki tatu hakunifundisha kubeba, alinifundisha kutua. “Gunia halitupwi, mwanangu, linatuliwa.” Gunia likitupwa linapasuka mshono, na likipasuka anafukuzwa aliyelibeba na genge lake zima, watu kumi na wawili na wake zao na watoto wao. Alikuwa amesimama pembeni, siku hizo bado kanyooka, paka wa godauni kalala juu ya turubai, ananiambia nitue gunia la mchele pale pale kando ya paka asiamke. Akiamka, narudia. Nilirudia mpaka nikawa natua kitu chochote, popote, kimya. Manyapara walikuwa wananitolea mfano. Kwa miaka kumi na mmoja sikupasua gunia hata moja, na nilikuwa najisifu kwa hilo.

Mzee wa vitambaa akasema ni adabu tu, naona haya kumtupa mtu wa umri wake. Akajaza usufi kwenye gunia akalining'iniza begani kwangu, akaniambia tupa. Nikalitua. Alicheka mpaka miwani ikamwanguka, na mimi nikacheka. Lahaula, tulicheka. Kisha akalitoa gunia akakunja godoro akalifunga kamba. Godoro nikalitupa vizuri tu, likapiga ukuta, mama akalalamika. Nikalitupa mara mia. “Basi imekwisha hiyo,” mzee akasema. Hivyo tukajidanganya, mwalimu na mwanafunzi, kwamba mkono unaotupa godoro umeshasahau gunia.

Siku yenyewe ilikuwa Jumapili, godauni tupu Shimanzi, pumba za mbao zimemwagwa chini na turubai limevutwa juu yake likapigiliwa vigingi. Tulijitokeza wanane. Mzungu mwenyewe alikuwa mwamuzi, na karani wake akatufasiria sheria: mtu ukimtupa akapiga mgongo wake wote kwa kishindo, umeshinda hapo hapo. Akienda chini bila kishindo, mchezo unaendelea. Na ukimlalia chini mgongo wake ukagusa turubai kwa hesabu ya thelathini, umeshinda pia. Mzee wa vitambaa alikuja, akakaa nyuma juu ya kasha tupu, Mhindi peke yake katika umati wa makuli. Baba hakuja. Hakuweza kutembea mpaka huko, na mimi kusema kweli sikutaka aje.

Wa kwanza alijikwaa mwenyewe kwa hofu nikamlalia. Wa pili vile vile nilimbana chini, alikuwa kijana, hakujua kitu. Tukabaki wawili, mimi na mtu wa reli.

Mtu wa reli alikuwa mtu wa bara, Mkristo, mpakiaji wa mabehewa, mpana kuliko mimi. Alikuwa jeshini wakati wa vita na huko waliwafundisha mambo haya. Nilimtazama akiwacheza wawili wa kwanza. Hakuwa na ufundi mwingi. Akikushika kakushika, anakukumbatia, anakukamua pumzi, anakwenda nawe chini. Nikamtazama mzee kule nyuma, mzee akanyanyua mkono mmoja akautazama kama mtu anayetazama saa.

Tukainamiana, tukashikana. Alifanya kama nilivyojua atafanya: mkono mmoja ukosini, mwengine akanizungushia kiunoni, akanivuta kwake. Alinuka sabuni. Mwili wote uliniambia nivute na mimi. Nikaukatalia. Nikamkalisha kiwiko kifuani, nikamsukuma kidogo, mara moja, mara mbili, kama mtu aliyekerwa na foleni. Akakerwa. Akasukuma kwa kifua chote. Nikaondoka nusu hatua kwa upembeni, mkono wake nikaupandisha juu, na pale kati yetu pakafunguka.

Uwazi ule naukumbuka. Haukuzidi upana wa sahani. Miezi minane nilikuwa nautafuta, vidole vimevimba kwa ajili yake, na ulikuja siku nilipouhitaji, pahala pake, kwa wakati wake. Nikageuka nikaingia. Bega likakaa kwapani. Nikanyoosha magoti, na miguu yake ikaondoka chini, mtu mzima mpana yule, akawa juu yangu mzima mzima.  Nilijua kwamba nimeshinda, na kila mtu alijua.

Kilichobaki kilikuwa kidogo, mtoto angekifanya. Unavuta mkono wake kwa nguvu, unainamisha kichwa, naye anakwenda kwa uzito wake mwenyewe. Mimi nilikunja magoti. Mkono wangu ulipita chini ya paja lake ukampokea, nikamteremsha kwa ubavu, taratibu, nikamlaza mgongo juu ya turubai. Hakukuwa na kishindo. Uaskari wangu ulikuwa ndani ya kishindo hicho, na hakikutoka. Nilimtua.

Na Mungu anisamehe, kwa nukta moja niliridhika. Mwili uliridhika. Mikono ilijiona imefanya kazi safi. Nilikuwa hata nimeshamwachia ukosi, nimeanza kunyooka nigeuke nikachukue gunia jengine. Ndipo akanikamata shingo kutoka chini.

Alinivuta akanipindua, akanilalia kifua kwa kifua, na karani akaanza kuhesabu. Chini pia kuna uwazi wa kutafuta. Mzee alinifundisha, unapinda kiuno, unatia goti. Nilipinda. Hapakuwa na pahala pa kupitisha hata karatasi. Nilikuwa nasikia pumzi yake sikioni, na namba zinakwenda. Kwenye ishirini na mbili nikaacha kujitutumua, kwa sababu nilijua, nikabaki natazama mabati ya godauni nililolifanyia kazi miaka kumi na mmoja bila kuyatazama.

Mtu wa reli aliniinua kwa mkono. Karani akanijia.

“Bwana mkubwa anauliza, kwa nini ulimwachia?”

“Mwambie sikumwachia.”

“Anasema ulikuwa umeshamshinda.”

“Mwambie najua.”

Nikavua koti. Nyuma yangu nikasikia mtu anasema kala ngapi huyu, na mwengine anacheka. Ningeweza kugeuka nikamvunja taya. Sikugeuka. Nilikuwa sina hamu ya kitu.

Tulirudi Mji wa Kale mimi na mzee kwa miguu. Mlangoni mama akauliza nyuma ya pazia, “Kashinda?” Mzee akaingia dukani. Akakaa juu ya robota, akaniambia, “Mikono yako ilikuwa imeshasomeshwa kabla hujaja kwangu. Nilimuona mwalimu mwenzangu, nikamdharau.” Akataka kuniagizia chai. Nikamwambia kesho. Sikurudi kesho wala Ijumaa, na koti alilonishonea mkewe nikaliacha pale pale. Mazoea yana tabu, watu wanasema, wanasema wakicheka.

Nyumbani baba alikuwa kalala chali barazani, ananingoja.

“Ulimwinua?”

“Nilimwinua, baba.”

“Akaumia?”

“Hakuumia.”

“Alhamdulillahi,” akasema. Alikuwa anamfikiria mke wa yule mtu, angekula nini mumewe akiumia. Kisha akaniuliza kama nimepata kazi, nikamwambia sikupata, akasema Mungu hamtupi mja wake. Nikaingia ndani nikalala uso umeelekea ukutani. Nililia, ndiyo. Nina miaka mingi sasa, sioni haya kusema nililia.

Watu wakanijia na methali zao. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, akaniambia imamu. Nikamjibu koleo langu lilikuwa moja, shekhe. Hakupenda jibu langu. Mwezi uliofuata nikatimiza ishirini na saba. Mtu wa reli nilikuwa namwona langoni asubuhi na jioni, sare imempendeza, ananipa mkono kwa heshima kabla ya kunipekua kama anavyowapekua wote. Alikuwa mtu mwema. Nilikuwa natamani awe mbaya, angalau nipate wa kumchukia.

Haukupita muda nyapara akaniita mbele ya genge. Akasema yule Mzungu wa askari kasimulia klabuni kwa Wazungu wenziwe wa bandari kwamba kamwona hamali aliyemwinua mtu kama jabali, akamlaza chini kama sahani ya kaure. Walicheka sana, na mmoja wao, mkubwa wa mizigo, akauliza hamali huyo yuko genge gani. Basi kuanzia Jumatatu mimi si wa magunia tena. Nimepandishwa. Genge la vioo.

Genge la vioo ni makasha. Vioo vya madirisha, kaure, chupa za dawa za hospitali. Kasha moja linapita gunia kwa uzito karibu mara mbili, na gunia unaweza kulikimbiza, ukalipumzisha juu ya rundo. Kasha la vioo unakwenda nalo hatua fupi fupi, umeinama vile vile mwanzo hadi mwisho, kwa sababu ukinyooka ghafla linalia ndani. Watu wa genge lile walikuwa wanajulikana kwa mbali kwa mwendo wao. Nikamwambia nyapara sitaki, niachie magunia yangu. Akasema asiyetaka genge hili hana genge. Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Nikaenda vioo, na nikakaa vioo miaka kumi na tisa, mpaka mgongo ulipokataa.

Lakini jioni ile ya kwanza sikuwa nayajua ya miaka kumi na tisa. Nilikuwa nayakisia tu. Nilirudi nyumbani nikakuta baraza letu limejaa wazee wa mtaa, kahawa inazunguka, na baba katikati yao kainama pale alipokaa, anazungumza na magoti yake. Habari ilikuwa imeshamfikia kabla yangu. Nilisikia sauti yake tangu kona, ina furaha ambayo sikuwa nimeisikia tangu mama afe. Anawaambia mwanangu kachaguliwa na Mzungu mwenyewe, katika mahamali wote wa Shimanzi, kwa ajili ya mkono wake. Anawaambia yeye ndiye aliyenifundisha.

Akazisikia hatua zangu, akazijua. Akainua mkono maana kichwa hakuweza kukiinua. “Huyo kaja,” akasema. “Mpeni hongera.” Wazee wakasimama wakanipa mkono, mmoja mmoja, na mimi nikaupokea kila mkono, nikasema ahsante.